Kitanda cha Kumi na Nne

Toledo, Ohio. Mto katikati,
hospitali huku, hospitali kule,
zikitazamana kama wake wenza.
Huku wakaweka chemchemi ukumbini, na mpiga piano;
kule wakanunua mashine ya kupiga picha ubongo,
ya pili, kisha ya tatu.

Ikaja kampuni ya bima na kalamu yake:
"Goti, siku mbili. Moyo, siku nne.
Atakayeshusha bei, wagonjwa ni wake."
Nesi Loretta Wisniewski akajifunza hesabu upya:
kumtoa mzee Orville kabla mshono haujakauka,
kuombea usiku mmoja zaidi kwa simu,
kwa kijana aliyeko Phoenix
asiyeliona jeraha.

Tukasema, fahali wakipigana, ziumiazo nyasi.
Kumbe bado.
Machi ile fahali wakafunga ndoa:
jina moja, nembo moja, bei moja, ya juu,
na sisi nyasi tukawa mkeka wa arusi.
Sasa ni bima inayobembeleza.

Wodi ya wazazi ng'ambo imefungwa.
Loretta bado hukitandika kitanda cha kumi na nne,
shuka kaivuta, pembe zote nne.
Piano wameifunika turubai.
Chemchemi hawajaizima.