Bitana

Nimeingia Gilmore na futikamba shingoni,
nimetoka cherehani moja kwa moja,
peso elfu arobaini na tano ndani ya soksi:
barong tatu za harusi
na sare za kwaya nzima ya Santa Mesa.

Ujumbe wa Divina nimeunakili nyuma ya risiti.
Aliutuma kutoka Bergen, baada ya zamu ya wodi:
Baba, usihadaike na taa.

Jhunrey wa duka la kwanza haniulizi nataka nini.
Ananivuta hadi kwenye kasha la kioo, feni sita,
kila moja ikibadili rangi kama mtu aliyefumaniwa.
Kizuri chajiuza. Hiki kinajitembeza.
Nauliza, hewa inaingilia wapi?
Mbele ni kioo kitupu.
Vazi hilo nalijua: nilimshonea binti wa mashindano ya urembo,
ukosi hadi kidevuni, shanga tupu, pa kupumulia hakuna,
akazimia ngazi mbili kabla ya jukwaa.

Ghorofani, kwa Aling Perpetua, hakuna taa hata moja,
ila balbu ya dari na feni ya mezani iliyofungwa kwa waya.
Namwonyesha prosesa ninayoitaka, yenye viini vinane.
Anatafuna karanga kwanza.
"Mafundi wanane, cherehani moja," anasema,
"wawili wataketi wakipiga soga, na mshahara unalipa wewe.
Chukua sita. Kinachobaki kipeleke kwenye kadi ya picha."
Sijamwambia kwamba mimi ni fundi. Ameiona futikamba.

Ubao mama tumechukua wa kawaida,
wenye nafasi nne za kumbukumbu.
Tumejaza mbili, gigabaiti nane na nane, jozi kama viatu,
na mbili nikaziacha wazi,
kama ninavyoacha pindo pana kwenye suruali ya shule,
maana mtoto hamwulizi mtu ruhusa ya kurefuka.

Kadi ndiyo iliyotuweka mpaka saa tisa.
Kuna moja ya mtumba, kubwa, bei ya kutupa.
Nimeinusa.
Mota iliyoungua naijua kwa pua tangu utotoni;
hii imekesha miaka miwili ikichimba sarafu zisizoshikika.
Nikamrudishia kwa mikono miwili,
kama mtu anavyorudisha koti la marehemu.
Mpya ni ndogo kuliko hiyo. Nikaipima: sentimita ishirini na saba.
Kasha linaruhusu ishirini na nane.
Vijana wa kaunta wakacheka. Perpetua hakucheka.

Basi zikabaki peso elfu nne na mia mbili,
na shetani akaja na hesabu nzuri:
chukua pawasaplai ya mia nane, ile nyepesi, isiyo na jina,
upande daraja moja la kadi.

Mwaka tisini na nne nilibania bitana.
Koti la bwana harusi, sufu safi, vifungo vya pembe,
na ndani kitambaa cha kufungia maandazi.
Mvua ikamnyeshea mlangoni mwa kanisa.
Ndani kukanywea, nje kukabaki palepale,
na picha zile bado zimetundikwa sebuleni kwao.
Sijawahi kusikia mtu akisifu bitana.

Nikalipa elfu tatu na mia sita. Wati mia tano hamsini,
nzito mkononi kama pasi ya makaa.
Mtaani kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Usiku nikaunga kila waya, nikabonyeza.
Kimya.
Nikaketi nikitazama sakafu, nikihesabu barong.
Kumbe swichi ya nyuma.
Feni zikavuta pumzi.

Saa kumi alfajiri Divina akatokea kwenye kioo,
kofia ya chuma, mundu mgongoni, sauti yenye mafua.
"Umechukua kadi gani, Baba?"
"Ngoja," nikamwambia, "kwanza nikusimulie ya pawasaplai."
Akakubali kusikiliza, akinikokota kuvuka mto wa barafu,
na nikafa mara nne kabla jogoo wa jirani hajawika.