Mwenyeji Apone

Miaka kumi na saba nilipokea watoto wa jiji
nisilomudu kulala ndani yake.
Zamu ikianza saa moja asubuhi,
saa kumi na nusu mimi niko stesheni
pamoja na mfagiaji wa uwanja wa ndege,
na dereva wa basi apandaye treni kwenda kuendesha basi,
na Anh wa maabara, alalaye wima kama farasi.
Hatukusalimiana sana. Tulijuana kwa viatu.

Kodi ilipanda mara tatu katika miezi kumi na minne.
Mara ya tatu wakala aliandika "tunasikitika",
akaweka na picha ya ua.
Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo:
kati ya kila watoto watano ninaowapokea,
watatu nawapokea kwa ajili ya mwenye nyumba.

Ndipo likaja tangazo. Kurrawilla,
mwendo wa saa saba magharibi ya Sydney. Mkunga anatafutwa.
Posho ya kuhamia, nyumba ya vyumba vitatu,
mlimau uani.
Mama alitamka neno la Kimalta lisilo na tafsiri,
kisha akanifungia biskuti za ufuta za siku tatu.

Nilipanda milima mvua ikinisukuma mgongoni.
Kisha mvua ikachoka, kisha milima,
kisha hata redio.
Ngano. Ngano. Ghala la nafaka. Ngano.
Halafu mji: barabara moja, pana
kana kwamba waliopima ni ng'ombe,
benki iliyofungwa, duka la mikate,
na hospitali ya vitanda kumi na viwili
ambayo kwa miaka sita haikusikia kilio cha kwanza.
Wajawazito walipelekwa mbali,
wengine wakajifungulia njiani, taa za hatari zikipepesa.

Mama wa posta alinishika mikono yote miwili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nami nikajiona dawa.

Wiki ya pili nilisugua fremu ya mlango wa jikoni.
Chini ya vumbi, penseli:
Tahlia 5. Tahlia 6. Jai 4.
Tahlia 7, na pembeni, mwandiko uliolalia kulia:
*amesimama kwa vidole, mwongo huyu.*

Mwandiko huo huo nikaukuta kantini ya hospitali,
kwenye ubao: supu ya maboga, mkate.
Noelene Pratten, mpishi, mwaka wa ishirini na sita.
Alinimiminia bila kunitazama.
"Lile bomba la jikoni," alisema, "lisukume kushoto kwanza,
ndipo ulifungue. Ukililazimisha litakulowesha."

Kijiko kikanigandia mkononi.
Mwenye nyumba alikuwa amesikia tunakuja, watu wa posho:
walimu wawili, polisi, mkunga.
Akamwandikia Noelene notisi.
Sasa yuko kwenye karavani kando ya mto Lachlan,
huamka saa kumi na nusu
awahi bafu la jumuiya kabla ya foleni.
Saa kumi na nusu.
Nilitazama viatu vyake.

Sikusema samahani. Samahani ni kijiko cha chai
na sufuria ile ilikuwa kubwa.
Nilisema supu ni tamu.
Akasema haikukolea chumvi.
Ilikolea.

Agosti, usiku wa sakitu,
wakamleta binti wa miaka kumi na tisa, anauma mkono wa sweta.
Nyuma yake Noelene, aproni bado kiunoni.
Sikuhitaji kusoma faili.
Nikamwambia inuka, uchungu hushuka ukiwa wima.
Akaning'ang'ania mabega, akajinyoosha, visigino hewani.
"Anasimama kwa vidole huyu," nikasema,
na Noelene akanitazama, mara ya kwanza,
kama mtu anayesikia mlango wake ukifunguliwa.

Mvulana. Kilo tatu na robo.

Ule mlango sijaupaka rangi.
Mlimau unazaa kupita ninavyoweza kula;
Jumamosi napeleka ndoo kule mtoni,
ndoo inarudi na chupa ya jamu.
Kodi, nasikia, itapanda Januari.