Oveni ya Mama

Mama kaenda harusini Malindi, siku tatu.
Nikaishusha injini ya marehemu baba,
nikaifumua jikoni, juu ya sinia:
ringi zimelika, valvu nyeusi tii,
na upepo wa chumvi wa Makadara
umeiuma alumini huku ukipuliza, kama panya.

Msasa. Petroli. Msasa tena.
Rangi ya fedha mara mbili,
kisha, Mungu nisamehe,
nikaioka silinda saa nzima
palepale paokwapo mkate wa mayai.

Boliti ya mwisho, naye huyo mlangoni.
Kanusa. Kanitazama.
Sikujibu; nikapiga kiki.
Ya kwanza, kimya.
Ya pili ikanguruma, kile kikohozi hakipo.

Kaketi kizingitini, buibui hajalivua:
“Babako hakuwahi kuisikia hivi.”

Mkate wa wiki ile ulinuka rangi.
Tuliula.