Inchi Thelathini na Mbili

Maboksi mawili, mapana kama milango,
tuliyapandisha ghorofa tatu mimi na Ruaridh,
mjukuu wa jirani, yeye mbele akienda kinyumenyume,
mimi nyuma nikimwambia: taratibu, kuna kona.
Paisley ilikuwa inanyeshewa tangu Jumanne.
Boksi likaanza kulegea mikononi mwangu
kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Kazi yangu ni ratiba za mabasi.
Miaka kumi na mmoja nimezipanga kwenye kioo cha kompyuta mpakato,
nikisogeza asubuhi pembeni ili niione jioni,
nikisogeza jioni ili nikumbuke asubuhi ilisemaje.
Basi la kwanza wao wanaliita la saba.
Kichwani mwangu bado ni la saa moja;
naongeza sita kimyakimya, naandika,
na hakuna abiria aliyewahi kuachwa kwa sababu yangu.
Mmoja tu. Aliandika barua. Ninayo.

Ruaridh akala biskuti mbili, akaaga, ana mpira.
Nikabaki na mashine mpya, na waya, na kijitabu
chenye lugha ishirini na tatu. Yangu haimo.

Nikachomeka.
Kitaa cha buluu kikafumbua jicho,
kisha giza, na juu ya giza maneno yakielea
kona hadi kona, bila haraka:
hakuna ishara.
Na kioo cha pili, kama aliyeambukizwa miayo:
hakuna ishara.

Nikachomoa. Nikapuliza. Nikachomeka tena.
Nikazima, nikawasha, nikasema bismillahi kwa sauti,
wa kushoto nikaupeleka kulia, wa kulia kushoto,
nikamlaumu muuza duka, mvua, ngazi, Ruaridh.
Kuuliza si ujinga, najua.
Lakini wa kuulizwa wote nilikuwa nimeshawalaumu.

Saa nne yangu, saa kumi yao,
nikajilaza kifudifudi chini ya meza, tochi mdomoni.
Vumbi. Klipu ya karatasi. Hereni niliyoitafuta hadi nikalia.
Na mgongo wa mashine, milango yake imepangwa
kama nyumba ya wapangaji, safu ya juu, safu ya chini.
Waya zangu zote mbili zilikuwa zimebisha hodi juu,
kwenye ubao mama,
na mama, maskini, hakuwa na picha za kutoa.
Kazi hiyo alishaiachia kadi ya michoro, huko chini,
kadi iliyonila nusu ya mshahara,
imekaa wiki nzima na vizibo vya plastiki midomoni,
feni zikizunguka, ikingoja atakayeiuliza.

Nikang'oa vizibo kwa ukucha.
Nikasikia tk, na tk nyingine.
Mwanga uliniangukia miguuni kwanza,
soksi zangu zikageuka buluu,
nami bado chini ya meza, siamini, sitoki.

Nilipotoka, ratiba ilikuwa imejinyoosha ukutani hadi ukutani,
ila vioo vimebadilishana zamu:
mshale wa kipanya unatokea kulia, unazuka kushoto,
jioni imekaa mbele, asubuhi inafuata,
na basi la mwisho la Renfrew linaondoka
kabla la kwanza halijapashwa moto.

Dawa yake ni kuburuta kisanduku kimoja kipite kingine.
Nilikuwa na kidole juu ya kipanya.
Nikamkumbuka shangazi Mwanatumu, aliyekuwa akianza Ijumaa
Alhamisi jua likishazama,
akitandika kitanda, akikanya watoto:
leo Ijumaa, msigombane.
Siku yake iliingia kwa mlango wa giza
na hakuna aliyemwambia amechomeka vibaya.

Nikaiacha hivyo wikendi nzima,
usiku kushoto, mchana kulia,
nikipita na kikombe, nikitazama.

Jumatatu nikaburuta.
Watu wa Renfrew wana kazi.