Kiti cha Saba

Niva tuliiuza Februari, theluji ikiwa bado magotini.
Nilimhesabia Zaza kwa vidole vyenye grisi:
wewe, mimi, Tekle, Ivane,
mama yako na mkongojo wake,
na huyu anayenipiga mateke kila nikiinamia boneti.
Sita.
Niva ina viti vinne, na kimoja alishakitwaa mbwa.

Uazi ya Akhmeta ilikuwa imara kama tanuri
lakini ilikunywa petroli kama mjomba msibani.
Pajero ya Tbilisi iling'aa, muuzaji naye aling'aa;
nikatoa mfukoni sumaku ya friji, ile yenye picha ya tikitimaji,
nikaibandika mlangoni.
Ikaanguka.
Nikaibandika juu ya tairi la nyuma. Ikaanguka.
"Hili limepigwa lipu," nikasema,
tukapanda basi kurudi.

Delika tuliikuta Alvani, kwenye banda la Jimsheri,
kuku akiatamia kwenye kiti cha mbele
wala hana nia ya kushuka.
Usukani kulia, kama ilivyotoka Japani.
Mama mkwe Eteri akaizunguka akiigonga kwa mkongojo:
"Dereva atakaa upande wa korongo.
Vizuri. Anayetupeleka shimoni alione yeye kwanza."
Nikaweka sumaku. Ikang'ang'ania.
Viti saba.
Mbwa akapewa ahadi.

Chini ya zulia niliiona ardhi
kupitia tundu la ukubwa wa mkate.
Silinda hedi na ufa mwembamba kama unywele wa mtoto,
difu ya mbele inalia,
springi zimechoka, zimekaa kitako.
Nikazifungua spana za baba
zilizolala kwenye kipande cha pazia tangu tumzike,
kila moja na doa la rangi nyekundu
la shamba la ushirika ambalo matrekta yake
yalishauzwa kwa kilo.

Mwezi wa nne tumbo likakataa kuingia chini ya gari.
Nikakalia kigoda cha kukamulia,
na Zaza, mchungaji wa kondoo mia nne,
mtu asiyetofautisha spana kumi na nne na kumi na saba,
akalala chali pale nilipokuwa nikilala mimi.
"Kushoto, Zaza. Kulegeza ni kushoto."
"Kushoto kwa nani?"
Nilifikiri muda mrefu kabla ya kumjibu.

Halafu daktari wa Telavi akakisogeza kile kifaa tumboni,
akanyamaza,
akakirudisha pale pale.
"Wawili," akasema.
Tulirudi nyumbani bila neno.
Zaza akaenda moja kwa moja hadi kwa mbwa,
akachuchumaa, akamwomba radhi.

Njia ya Abano hufunguka theluji ikipenda.
Sisi tulipanda Agosti, pacha wakiwa na wiki saba,
usukani mikononi mwangu, gia ya chini,
mawe yakichomoka chini ya tairi
na kushuka bondeni bila haraka ya kusikika.
Juu ya kona ya maporomoko mshale wa joto ukapanda.
Nikasimamisha, nikamwaga maji, nikangoja.
Pacha walilia kwa zamu, kisha bila zamu.
Ivane akatapikia kofia ya baba yake.
Eteri akagawa jibini kama vile tumefika.
Mbwa, miguuni pa Tekle, hakutaka kumtazama yeyote.

Mshale ukashuka. Tukaendelea.

Mfukoni mwangu mlikuwa na bolti moja,
namba kumi na nne, safi, na nati yake,
iliyobaki kwenye kopo tulipomaliza kila kitu.
Niliitafutia mahali siku tatu, sikupaona.
Sikumwambia mtu.
Kila kona iligusa paja langu,
nami nikasikiliza chini ya gari, kilomita hadi kilomita,
kama mtu anayengoja kuitwa jina.