Kipengele cha Saba

Jiwe la mpaka nililichimbia mwenyewe, Makorora,
saa sita mchana, jasho machoni,
nikasoma nane palipoandikwa tatu.

Mita moja na nusu.
Kwenye ramani haifiki unene wa ukucha.
Kwa Bi Mejumaa ni jiko, ni choo, ni mlimau,
vyote vimeamkia kwa jirani.

Bima ninayo. Kila Januari nalipa
kama mtu anayejinunulia sanda angali mzima.
Nikapiga simu. Kijana wa madai, sauti laini:
"Mzee Shekiondo, usikiri kosa.
Usiombe radhi, usiahidi, usiandike kitu.
Kipengele cha saba. Ukikiri, sisi tumejitoa."

Nikaenda kwake kama mgeni aliyepotea njia.
Akanimiminia kahawa, akanisogezea mkate wa mofa.
Ukuta ulikwisha bomolewa,
mafiga yanaota jua.
"Ndiwe uliyepima?"
Nikasema: suala lipo kwa wahusika.
Akanitazama kutoka kisigino hadi kofia,
taratibu, bila futi kamba,
na nina hakika yeye hakukosea.

Miezi kumi na moja. Hundi ikatoka:
laki tano za mwanzo mfukoni mwangu,
zilizobaki za kampuni.
Jiko jipya, bati la kijani.
Nami nikapata barua: faili limefungwa.

Kwa hiyo sasa naruhusiwa, nadhani.
Alasiri nikapiga hodi, neno likinikwaruza koo.
"Pita, mpimaji," akajibu kutoka ndani.
"Ila kahawa imekwisha."