Nusu ya Uwanja

Kwenye bati langu hapa Kirumba kuna madishi matatu,
yamekaa kama masufuria yaliyoanikwa na mtu akasahau kuyaanua.
La kwanza nililinunua kwa ajili ya ligi ya nyumbani.
Ligi ikahama.
Nikanunua la pili, nikaifuata hukohuko,
kufika naambiwa: ligi ipo, mama, ila siyo kwenye kifurushi hiki,
hiki ni cha tamthilia na mapishi.
La tatu alinishauri Lugata fundi,
Lugata ambaye kila ushauri wake una ngazi na bei.

Jumamosi. Saa kumi kasoro robo.
Viti arobaini vimejaa, na ndoo tatu zilizopinduliwa.
Kila mmoja kanipa mia tano,
Magesa kanipa mia tatu na ahadi.
Nawasha. Kioo kinageuka bluu, bluu ya ziwa saa nne asubuhi,
na maneno meupe katikati:
Mpendwa mteja, huna ruhusa ya kutazama chaneli hii.

Huna ruhusa!
Nimelipia juzi. Ujumbe ninao, namba ya muamala ninayo,
nikawasomea watu tarakimu zote, mojamoja, kwa sauti ya dua.
Nikapiga huduma kwa wateja.
Kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikabonyeza.
Kwa malipo bonyeza tatu. Nikabonyeza.
Kisha muziki, muziki, muziki,
na binti mpole akinihakikishia kwamba simu yangu ni ya thamani.
Ya thamani, ndiyo. Salio lilikuwa linaliwa.
Mwishowe kijana mmoja akasema
wenye chaneli na wenye king'amuzi wako kwenye mazungumzo.
Tembo wanazungumza.
Nikaitazama miguu yangu kama imeota majani.

Na mpira wenyewe, jamani, unachezwa hapo!
Uwanja uko nyuma ya gereji,
mtoto mwenye mkono mzuri anaufikia kwa kokwa la embe.
Tiketi ziliisha Alhamisi.
Filimbi ya refa tunaisikia kwa masikio haya haya,
lakini ili tumwone anayeipuliza
lazima kwanza apande mbinguni,
azunguke huko kwenye setilaiti,
aulize kama Misoji amelipa,
ndiyo ashuke.

Uwanja ukanguruma.
Watu arobaini wakasimama mbele ya kioo cha bluu.
"Nani? Nani kafunga?"
Hakuna ajuaye. Magesa akashangilia hata hivyo,
asije akadaiwa furaha baadaye.

Ndipo Bituro, mtoto wa muuza dagaa, akakwea jiwe.
Unayajua mawe yetu, yanavyokaa juu ya vichwa vya nyumba
kama wageni wasioaga.
Kutoka kule juu unaona goli moja, kibendera kimoja cha kona
na kipara cha kocha. Kwingine kote ni paa la jukwaa.
"Wanakuja!" akapaza. "Wanakuja... wameondoka."
"Wameondoka kwenda wapi?"
"Huko kusikoonekana."

Hivyo ndivyo tulivyoitazama mechi,
nusu kwa macho ya mtoto, nusu kwa makelele,
tukigombania penalti ambayo hakuna hata mmoja aliyeiona,
Lugata akiapa kwa mama yake kwamba ilikuwa halali.
Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli,
tukawa tunaletewa habari za kushambuliwa tu.
Mabao yetu, kama tuliyafunga,
tuliyafunga nyuma ya paa.

Nikarudisha mia tano mojamoja.
Magesa akadai mia tatu yake, na ahadi yake pia.

Saa mbili usiku nafagia maganda ya karanga, simu ikalia:
Hongera! Kifurushi chako kimewashwa. Furahia.
Nikawasha. Kweli, picha safi kama maji ya kunywa,
mama mmoja, aproni nyeupe, anakaanga vitunguu.
Nikavuta ndoo, nikakaa.
Hata vitunguu vyenyewe
vilikuwa vinaungua.